Chumba Kimoja Katika Bilioni Nne

Kama zile alama zingeshuka, hakuna ambaye angemwita karani mla rushwa. Wangesema macho yamechoka, apewe miwani, yaishe. Lakini zilipanda. Wanafunzi kumi na mmoja kati ya mia sita na arobaini walikutwa na alama kubwa kuliko walizoandikiwa na walimu wao kwa kalamu, na mmoja wa hao kumi na mmoja alikuwa binti wa karani mwenyewe. Kwenye daftari la mwalimu alikuwa na hamsini na moja ya hesabu. Kwenye kompyuta ya mama yake alikuwa na sabini na moja.

Mkuu wa shule hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kusema taratibu, na maneno ya taratibu ndiyo yanayochoma. Alimwita na mume wa karani, kwa kuwa ndiye fundi wa kompyuta za shule, akawaacha wote wawili kwenye benchi la nje, lile la wazazi wenye kesi, kwa muda wa saa nzima. Wanafunzi walipita wakiamkia. "Shikamoo Bi Karani." "Marahaba." Fundi alihesabu salamu thelathini na tisa, maana hakuwa na pa kuweka macho.

"Mkono ukikosea, hukosea kotekote," mkuu alisema walipoitwa ndani. "Mara humpandisha huyu, mara humshusha yule. Haya makosa kumi na moja yote yamepanda, Bi Karani. Hata moja halijashuka. Ungekuwa mimi ungesemaje?"

"Ningesema sijui, Mkuu. Ndivyo ninavyosema."

"Bodi inakaa Alhamisi. Wakiridhika kwamba ni rushwa, unaondoka, na matokeo ya binti yako yanafutwa yote. Si hesabu peke yake. Yote." Akanyoosha kiganja juu ya meza. "Naomba ufunguo wa ofisi."

Karani aliuvaa ufunguo huo shingoni kwa kamba, miaka kumi na tisa sasa. Alipouvua, kamba ikanasa kwenye hereni. Alihangaika nayo, watu wazima wawili wakimtazama, na mumewe hakunyanyua mkono kumsaidia. Hakujua kwa nini. Alikuja kulijutia jambo hilo kuliko mengi mengine.

"Mkuu, naomba niipime mashine," fundi alisema.

"Wewe ni mumewe. Nani atakuamini?"

"Basi mtu anisimamie. Hata yule aliyeyagundua makosa."

Aliyeyagundua alikuwa mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi walimwita Mizani kwa sababu aliweza kubishana na mtu kutwa nzima juu ya nusu alama. Hakuwa rafiki wa karani wala adui yake. Alikuwa ameketi na daftari lake, akalinganisha na karatasi iliyochapwa, akakuta haviendani, akasema. Mkuu aliridhika naye.

Jumamosi asubuhi fundi alifika shuleni na begi lake la bisibisi. Ofisi ya karani ilikuwa chumba chembamba chenye paa la bati na dirisha lililotazama uwanja wa mpira. Sanduku la kompyuta lilikuwa chini ya meza, limefunikwa kitambaa kinene cheupe alichokitarizi karani mwenyewe, maua ya zambarau pembe zote nne. Fundi alikikunja akakiweka kando. Akafungua dirisha, hewa ya asubuhi ikaingia. Akafungua sanduku, akapuliza vumbi, akapitisha brashi, akachomoa vijiti viwili vya memori, akaisugua miguu yake ya shaba kwa kifutio cha penseli mpaka ikang'aa, akavirudisha. Ndivyo alivyofanya kwa kila mashine, miaka yote, na wateja walimpenda kwa usafi.

Mizani alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, mikono kifuani. "Nieleze unachofanya. Nisije nikasimamia nisichokijua."

"Vijiti hivi ndiyo kumbukumbu ya mashine, ile ya wakati inafanya kazi. Ndani yake mna vyumba vidogo sana. Hii ina zaidi ya bilioni nne. Kipimo kinapita mlango kwa mlango. Kila chumba kinapewa kitu cha kutunza, halafu kinarudi kuulizwa, nilikupa nini? Kizima kinajibu vilevile. Kibovu kinajibu kingine."

"Bilioni nne, mlango kwa mlango?"

"Mlango kwa mlango. Wewe ukiuliza chumba kimoja kila sekunde, bila kula wala kulala, utamaliza baada ya miaka mia na thelathini na kitu. Yeye anatumia robo tatu ya saa."

Mizani alishusha mikono kutoka kifuani. Wakatazama namba zikikimbia kwenye kioo. Baada ya robo tatu ya saa mashine iliandika kwamba raundi imekwisha, makosa sufuri. Fundi alisoma mstari ule mara mbili. Alikuwa amekuja akiwa na uhakika, na uhakika ukamwishia pale pale kwenye kiti.

"Kwa hiyo mashine ni nzima," Mizani alisema, na haki ya Mungu hakuwa na furaha yoyote katika sauti.

"Ni nzima," fundi akajibu, akazima.

*

Karani alikuwa uani anaanika nguo. Alimwona mumewe akiingia na begi, akasubiri. Fundi alikaa kwenye ngazi akavua viatu, kimoja, kisha kingine, akaviweka sambamba kama mtu anayetafuta kazi ya mikono.

"Mashine haina kosa," alisema mwisho.

"Kwa hiyo?"

"Sijui."

"Unajua. Sema."

Ulimi hauna mfupa. Fundi alikuwa na mambo mengi ya kusema siku ile, akachagua lililo baya kuliko yote. "Mama, kama kuna mzazi alikuja kukuomba... watu huja na shida zao, najua. Au kama ulimhurumia tu mtoto. Ukiniambia mimi mapema, tutajua pa kuanzia."

Karani alikuwa ameshika shati la mumewe, limelowa, linadondosha maji kwenye miguu yake. Alilianika. Akabana kibanio cha kwanza, akabana cha pili.

"Ahsante, Fundi," alisema.

Hakuwahi kumwita Fundi. Mtaa mzima ulimwita hivyo, wateja walimwita hivyo, hata mama mkwe alimwita hivyo. Yeye alimwita baba. Kuanzia saa hiyo nyumba ilikuwa na fundi ndani yake, anayepakuliwa chakula kwa adabu na kuulizwa kama ameshiba.

Mitaani nako hakukulala. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Jirani mmoja alimpongeza karani kisimani kwa binti mwenye akili, akatazama ndoo yake alipokuwa akisema hivyo. Muuza mkate, ambaye hakuwahi kumwambia fundi neno zaidi ya bei, alimuuliza siku hizi shule inauzaje alama, kwa moja moja au kwa furushi. Watu dukani wakacheka. Fundi naye akacheka kidogo, na akajichukia kwa kicheko hicho mpaka nyumbani.

*

Jumapili alasiri binti alitoka chumbani kwake. Alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa hajala vizuri tangu Ijumaa. Alisimama mlangoni mwa sebule, mama yake akikunja nguo zilizokauka, baba yake akijifanya anatengeneza redio.

"Nilijua si yangu," alisema. "Sabini na moja. Swali la nne niliacha wazi. Nilijua nimepata hamsini na kitu, nikanyamaza kwa sababu nilifurahi."

"Na mimi sikukuongezea," mama yake alisema bila kuinua macho.

"Najua, mama. Wewe hata kijiko cha sukari huongezi."

Karani alitaka kucheka akashindwa. Akakunja kanga nyingine. "Hiyo mashine ilikuwa imenichoka muda mrefu," alisema, akiongea na binti, si na fundi. "Nikiingiza nane, nikirudi kuipitia naikuta nukta mbili. Ile moja juu na moja chini. Mara nne, mara tano hivi. Na tisa mara moja nikaikuta nukta na mkato. Nikasema vidole vimezeeka, nikaandika upya."

Fundi aliweka bisibisi chini.

"Nane ikawa nukta mbili?"

Karani aliendelea kukunja kanga.

"Mama, nakuomba. Nane ikawa nukta mbili, na tisa ikawa nukta na mkato? Si kinyume chake?"

"Nimesema nane na nukta mbili. Mimi siingizi nisichokiona, na sisemi nisichokiona."

Fundi alinyanyuka akatafuta karatasi, akakosa, akachukua bahasha ya barua ya tuhuma yenyewe, ile ambayo mkuu alimpa karani pamoja na orodha ya wale kumi na mmoja. Alichora vijiduara vinane kwa mstari, akavitia wino vingine na vingine akaviacha wazi.

"Njooni mtazame. Kila chumba kwenye memori kina taa nane. Kila tarakimu ina namna yake ya kuwasha na kuzima. Taa hii hapa, ya pili kutoka mwisho, ina thamani ya mbili. Tuseme imeharibika, imekwama kwenye kuwaka, haizimiki tena. Ukiweka sufuri, inasomeka mbili. Ukiweka moja, inasomeka tatu. Nne inakuwa sita. Tano inakuwa saba."

"Na mbili?" binti aliuliza.

"Mbili tayari ina taa hiyo. Haibadiliki. Wala tatu, wala sita, wala saba. Lakini nane na tisa zinasukumwa mbele hatua mbili, na mbele ya tisa hakuna tarakimu tena. Mashine imepanga alama nyingine pale. Ya kwanza baada ya tisa ni nukta mbili. Ya pili ni nukta na mkato."

Karani aliacha kanga ikining'inia mkononi.

"Nisomee ile orodha," fundi alimwambia binti. "Kama ni taa ile, kila tarakimu iliyobadilika lazima iwe ilikuwa sufuri, moja, nne au tano. Ikitokea hata mbili moja, nimekosea."

Binti alifungua barua. "Arobaini na nane, ikawa sitini na nane."

"Nne, sita."

"Sitini na moja, ikawa sitini na tatu."

"Moja, tatu."

"Kumi na nne, ikawa thelathini na nne. Hamsini na tano, ikawa hamsini na saba. Thelathini, ikawa thelathini na mbili." Sauti yake ilikuwa inapungua kwa kila jina, mpaka akawa ananong'ona kama mtu aliye msikitini au kanisani. Alifika wa kumi na moja, ambaye alikuwa yeye mwenyewe. "Hamsini na moja. Tano ikawa saba."

Zote kumi na moja. Fundi alikuwa amezifungua na kuzifunga mashine kwa miaka ishirini na mbili, na hakuwahi kuhisi mwili ukimsisimka kama siku ile. Kitu kisichoonekana hata kwa hadubini ya shule kilikuwa kimekaa ndani ya sanduku chini ya meza, hakijui mtoto wala mzazi, hakijui rushwa, nacho kilipandisha watu alama kwa utaratibu mkamilifu kuliko mla rushwa yeyote. Na hakikuweza kushusha. Ndiyo maana mkuu aliona mkono wa mtu.

"Nikizikuta saba sizishangai," karani alisema polepole. "Saba ni alama kama alama nyingine. Nukta nilizikamata kwa sababu si tarakimu."

"Ndiyo."

"Lakini wewe uliipima. Ukasema ni nzima."

Hapo fundi alikaa chini. Lilikuwa swali lenyewe, na jibu lake lilimjia huku akimtazama mkewe usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Nieleze unavyofanya kazi," alisema. "Siku nzima. Hata yale ya kipuuzi."

"Asubuhi naandika barua. Alama naziingiza mchana, walimu wakishaleta. Watoto wanakuwa uwanjani, vumbi lote linaingia, kwa hiyo nafunga dirisha. Na sanduku nalifunika."

"Unalifunika likiwa linafanya kazi?"

"Nisilifunike? Si ulisema mwenyewe vumbi linaua kompyuta?"

Aliyasema kweli. Aliyasema mwaka aliowafungia ile mashine. Mke wake alikuwa amemsikia, akaenda akanunua uzi, akatarizi maua ya zambarau, na kwa mapenzi hayo sanduku likawa linachemka kila alasiri chini ya bati. Naye fundi alikuwa ameenda kulipima asubuhi, limepoa usiku kucha, dirisha wazi, kitambaa kando, baada ya kulifuta na kulisugua kama maiti inayoandaliwa. Ni kama tabibu anayemwogesha mgonjwa, kumpepea na kumlaza kivulini, kisha kumpima homa.

*

Jumanne saa sita mchana alirudi ofisini na Mizani. Alifunga dirisha. Alilifunika sanduku kwa kile kitambaa. Hakusugua kitu.

Raundi ya kwanza ilipita, makosa sufuri. Ya pili ikapita, makosa sufuri. Chumba kilikuwa tanuri, shati la Mizani limeshika mgongo, na bado hakuomba dirisha lifunguliwe. Katikati ya raundi ya tatu mstari mmoja mwekundu ulijitokeza kwenye kioo.

Mizani alisimama. Fundi aliweka kidole chini ya mstari ule.

"Soma," Mizani alisema. "Nisomee kama unamsomea mtoto."

"Namba ya chumba, hii hapa. Kilichowekwa, sufuri tupu. Kilichorudi, mbili."

"Chumba kimoja?"

"Kimoja."

"Katika bilioni nne."

"Katika bilioni nne na ushei."

Mwalimu wa hesabu alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Maisha yake yote alikuwa ameandika mabilioni ubaoni kwa chaki, na hakuwahi kukutana na moja ya hizo namba uso kwa uso. "Subhana," alisema chini chini. "Na kinajulikana kiko wapi."

Fundi hakutaka kosa la pili la maisha yake liwe kuharakisha tena. Walipima mpaka jioni, wakarudi Jumatano. Mstari ulitokea kila sanduku lilipopata moto, chumba kile kile, taa ile ile, na kila walipoweka kitu ambacho taa ile ilitakiwa iwake, kosa halikuonekana. Wakachomoa kijiti kimoja, wakapima kingine peke yake: safi hata kikichemka. Wakakirudisha cha kwanza kwenye nafasi ya mwenzake: kosa likakifuata. Kwa hiyo si sanduku, si nafasi, si umeme. Ni kijiti. Raundi nane kwa jumla, na Mizani aliandika saa na joto la kila moja kwa mwandiko wake wa kusimama. Kisha akaenda stoo kwenye karatasi chakavu za karani, akachambua marundo mawili mpaka akapata ukurasa wa rasimu ambapo mwanafunzi mmoja alikuwa na saba na nukta mbili mahali pa sabini na nane. Kando yake palikuwa na kalamu nyekundu ya karani: 78.

*

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama muuza mbao, mwenye sauti ya kuzoea kushindana na msumeno. Alisikiliza maelezo ya Mizani mpaka mwisho, akachukua kile kijiti, akakipima uzito kiganjani, akakitazama mbele na nyuma.

"Hapa ndani ndimo mna vyumba bilioni?"

"Bilioni mbili humo, mama. Mbili nyingine kwenye mwenzake."

"Na mmekipata kimoja kinachosema uongo."

"Ndiyo, mama."

Alikirudisha mezani kwa uangalifu ambao hakuwa nao alipokichukua. Akageukia rasimu ya nukta mbili. "Mkuu, mzazi gani atoe rushwa mwanawe aandikiwe nukta?"

Mkuu alifungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo wenye kamba, akamwombea karani radhi kwa sauti yake ileile ya taratibu, na safari hii ilisikika imetoka mahali halisi.

Karani aliupokea. Hakuuvaa. "Kabla ya yote, Mkuu, nizirekebishe zile kumi na moja," alisema. "Naomba mnitazame."

Kijiti kibovu kilikuwa kimeshatolewa. Walisimama nyuma yake, mkuu, mwenyekiti, Mizani na fundi, na dirisha lilikuwa wazi. Alianza na jina la binti yake. Alifuta saba akaandika tano, akahifadhi, akafunga faili, akalifungua tena kuona kama imekaa. Hamsini na moja. Akaendelea na wa pili. Fundi alimtazama shingoni, alama ya kamba ya miaka kumi na tisa ikionekana kama mstari wa jua, na moyo wake ukajaa heshima iliyomtisha. Alikuwa amestaajabia chumba kimoja katika bilioni nne wiki nzima. Na huyu aliyezikamata nukta kwa macho matupu, akazisahihisha kwa kalamu nyekundu bila kumlaumu mtu ila vidole vyake, alikuwa amelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu. Karani alipita dukani kwa muuza mkate, akanunua mikate miwili, akaaga vizuri, wala mtu hakucheka. Walitembea mpaka karibu na kona ya mtaa wao kabla hajasema kitu.

"Mara ya kwanza mashine uliipima raundi ngapi?"

"Moja."

"Na ya pili?"

"Nane."

"Na mimi?"

Fundi alitembea hatua kadhaa. Angeweza kusema aliomba mwenyewe kuipima, kwamba ni yeye aliyezijua nukta, kwamba bila yeye bodi ingemfukuza. Yote yalikuwa kweli.

"Wewe sikukupima hata moja," alisema. "Nilisoma majibu ya mashine, nikakubandikia wewe."

Karani alisimama. Alimtazama kwa muda mrefu, jirani mmoja akapita, akasalimia, hakujibiwa. Kisha akamnyooshea mfuko wa mikate ili aubebe, na alipoupokea, hakuuachia mara moja.

"Utakaa fundi kwa wiki nyingine," alisema. "Halafu tutaona."

Akaachia mfuko, akatangulia, na yeye akamfuata.